Wifi, hiyo shule ya bure ngoja nikueleze vizuri

Wifi yangu voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa kwenye gari nasubiri zamu ianze. Unasema umeona picha nilizotuma za shule ya watoto wa kaka yako huku Texas, Marekani, uwanja wa mpira utadhani wa Taifa, mabasi ya njano yamepanga foleni, na unauliza kwanini binti yako asije akae kwangu asome bure badala ya wewe kuhangaika na ada ya bweni kila mhula. Nilitaka nikujibu kwa simu lakini nikajua tutaishia kucheka, bora niandike.

Naanza na la viza mana ndio linalokata maneno. Mtoto akija kwa viza ya mwanafunzi, sheria ya hapa tangu 1996 inasema sekondari ya serikali asome miezi 12 tu basi, na hiyo miezi 12 mnalipa gharama kamili anayotumia mwanafunzi mmoja, sio bure hata senti. Najua kuna watu watakwambia aje kwa viza ya kutembea alafu aingie tu shule hawaulizi makaratasi, na kweli shule haziulizi, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo 1982 kwenye kesi iliyotoka hukuhuku Texas. Ila shule kutokuuliza haimaanishi watu wa uhamiaji nao hawaulizi, na kwa hali ya sasa hivi mimi mtoto wa mtu siwezi kumbebea huo mzigo, nisamehe.

Alafu hilo neno bure. Shule hapa unapangiwa kwa anuani ya nyumba, unaenda kuandikisha umeshika bili ya umeme. Shule zinakula kodi ya majumba, ile wenye nyumba wanailipa serikalini, Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara lakini ya nyumba wanakubana haswa, kwahiyo mtaa wenye shule inayosifiwa na nyumba zake bei juu. Sisi tumepanga apatimenti ya vyumba viwili kwenye mpaka kabisa wa eneo la shule, ukivuka barabara kodi ya pango inapungua na shule inabadilika. Unadhani kaka yako anapiga zamu mbili kwa kupenda?

Sasa shule yenyewe. Ina wanafunzi zaidi ya 3,000, kuanzia darasa la 9 mpaka la 12. Kengele ikilia wana dakika 6 za kutoka darasa hili kwenda lile, wote kwa wakati mmoja, Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Wangu wa kiume wiki ya kwanza alipotea akachelewa kipindi, jioni simu ya mashine ikanipigia kwamba mwanao hakuwepo darasani, nusu Kiingereza nusu Kispanyola, nikakimbia nyumbani kumbe yuko kitandani anakula chipsi.

Ukiwauliza hawa wawili utadhani wanasoma nchi tofauti. Wa kike anaipenda shule kufa. Yuko bendi ya matarumbeta, wanaanza mazoezi mwishoni mwa Julai kwenye lile joto la Texas ambalo hata Dar halioni ndani, Ijumaa usiku wanapiga uwanjani wakati wa mpira wao wa kukumbatiana, mtaa mzima uko pale. Hiyo bendi nayo ina michango, viatu, glovu, safari, sikwambii jumla kaka yako asije akaisoma. Lakini mtoto anaamka saa kumi na moja mwenyewe bila kuitwa, kwahiyo nalipa.

Wa kiume mpole, kama binti yako vilevile, na ndio mana nakuandikia marefu. Yeye mwaka wa kwanza wote chakula cha mchana alikuwa anakula maktaba. Mimi sikujua, nilijua mwaka wa pili kwasababu mkutubi alinisalimia kwa furaha mno nikashangaa huyu mzungu ananijulia wapi. Walimu sio wabaya wifi, wengine wana moyo kweli, ila mwalimu wake wa hesabu aliniambia mwenyewe ana wanafunzi 160 kwa siku, huyo atamjuaje mtoto asiyenyoosha mkono? Kila kitu kipo, masomo ya kiwango cha chuo, roboti, uchomeleaji, Kifaransa, lakini hakuna anayekuletea mezani. Mwenye mdomo anakula, mkimya anapita na sahani tupu.

Na siku ya kuandikisha kuna fomu inauliza nyumbani mnaongea lugha gani, mimi kwa maringo nikaandika Kiswahili. Kumbe ndio nimemponza, wakamtoa darasani wakampima Kiingereza, mtoto aliyekuja hapa ana miaka minne! Alirudi amenuna, mama umeandika nini wewe.

Wazazi wenzangu wanalalamikia namba, yani mtoto ni wa ngapi kimatokeo kati ya wenzake. Hapa Texas ukiwa kwenye asilimia 10 ya juu shuleni kwako vyuo vya serikali vinakuchukua moja kwa moja, isipokuwa kile cha Austin ambacho kinabana zaidi, wanaoingia 2026 ni asilimia 5. Wangu amekuwa wa 96 kati ya mia nane na kitu. Kwetu angechinjiwa mbuzi, hapa kaunsela akaniambia ajitahidi.

La mwisho sijawahi kukwambia. Tangu yale mauaji ya risasi shuleni Uvalde, hapahapa Texas, 2022, watoto 19 na walimu wawili, kila mtu hapa ana hofu yake, sheria ya 2023 ikataka askari mwenye silaha kila shule. Kuna siku niko kazini namgeuza bibi mmoja kitandani, meseji ikaingia kutoka kwa wa kike, mama tumefungiwa sio zoezi nakupenda. Nilimwacha yule bibi nusu ubavu. Dakika arobaini, alafu ikasemwa taarifa ilikuwa ya uongo, jioni mtoto anadai pizza kama hakuna kilichotokea. Sasa toka 2025 simu zimepigwa marufuku shule zote za serikali Texas muda wa masomo, walimu wanashangilia, wa kiume anasema watu sasa wanaongea naye mezani wakati wa kula, na mimi naona ni jambo zuri kabisa ila kila saa sita mchana bado naangalia simu.

Kwahiyo mwache amalize Form Six hapohapo, chuo tutaongea, viza ya chuo haina huo ukomo wa miezi 12. Alafu binti mwenyewe umemuuliza? Jumapili mpe simu aongee na huyu wangu wa kiume, sio dada yake, dada yake atamwambia habari za matarumbeta tu.