Wote wanajibu "nzuri" tu

Mwalimu, umeuliza kwa nini kidato cha tatu hapo Moshi wamemaliza riwaya ya mapenzi ya kudumu na wote wanajibu "nzuri". Tatizo ni swali. "Mmeipenda?" huzaa adabu, si maoni.

Gawa vikaratasi visivyo na majina. Kila mmoja aandike ukurasa uliomfanya atake kukifunga kitabu, na sababu. Kisha uliza: huyu mhusika wa riwaya aliyesubiri miaka yote, alipenda au aling'ang'ania? Hapo watagawanyika, hata wavulana wanaojifanya hawakusoma. Makundi ya watano yanatosha; wakiwa kumi, wawili husema, wengine hucheka. Wewe usitangulie kutoa maoni, watakuimbia wimbo wako. Nakala zikiwa chache, soma kwa sauti sura ya kuachana, si ya harusi.