Maswali ya Madereva: Matairi ya Theluji, Cheni na Barabara Zetu

Barua za safari hii zimetoka Lanet, Kisumu, Vihiga, Kuresoi na Kericho. Zote zinagusa vifaa vilivyoundwa kwa nchi za theluji, na majibu yameandaliwa na dawati letu la magari.

Nimenunua gari dogo kutoka Japani. Matairi yana meno marefu, yanaonekana mapya, na ubavuni yameandikwa STUDLESS. Jirani anasema ni ya theluji, niyatoe. Aliyeniuzia anasema hakuna tairi bora kuliko hayo wakati wa mvua. Nimwamini nani? (Msomaji, Lanet, Nakuru)

Mwamini jirani. Mpira wa tairi la theluji huchanganywa ili ubaki laini hata baridi ikishuka chini ya nyuzi sifuri. Tairi la kawaida huanza kukakamaa barabara inapopoa chini ya nyuzi 7 hivi, na hapo ndipo la theluji linapoanza kufaa. Nakuru ipo kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata alfajiri za Julai ni nadra ifike huko. Teremka hadi Kisumu saa nane mchana: hewa ina nyuzi 30, na lami iliyopigwa na jua tangu asubuhi hupita 50.

Kwenye joto hilo mpira ule hulegea mno. Tena kila jino limechanwa mistari mingi myembamba ili ling'ate barafu, kwa hiyo vipande vyake hupinda kila unapokata kona au kukanyaga breki. Dereva huhisi usukani umechelewa kuitika, gari likiyumba kidogo nyuma, hasa ukiteremka kutoka Mau Summit ukiwa na abiria na mizigo. Matairi nayo huisha upesi, na kingo za meno huwa za kwanza kuliwa.

Aliyekuuzia ana ukweli nusu. Mifereji ya tairi hilo ni mipana na hutoa maji vizuri. Lakini kusimamisha gari kwenye lami yenye maji na joto kunahitaji jino lililo imara, na hilo ndilo tairi la theluji halina. Usimfuate hapo.

Kuna alama za kutazama ubavuni. Neno STUDLESS peke yake linatosha. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati pia ni ya tairi la baridi. Herufi M+S hazitoshi kukupa jibu, kwa sababu zipo kwenye matairi mengi ya magari makubwa yanayouzwa hapa na hayana mpira wa theluji. Kisha soma ukubwa. Ukikuta 185/65R15 88Q, ile 88 inamaanisha kila tairi hubeba kilo 560, na Q inamaanisha mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. Matairi mengi ya theluji ya Kijapani yana Q. Mwisho tafuta tarakimu nne zilizo mwishoni mwa mfululizo unaoanza na DOT, au zilizo peke yake ndani ya kiduara: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Tarehe hiyo ni muhimu kuliko urefu wa meno. Gari linaloingia Kenya linaweza kuwa na umri wa hadi miaka minane, na matairi ya theluji mara nyingi hufungwa miezi ya baridi tu kisha hurudi stoo. Ndiyo maana meno yanaweza kuwa marefu huku mpira umezeeka. Mpira uliozeeka hukauka na kupasuka nyufa ndogo chini ya meno, na tairi la namna hiyo halifai kwa theluji wala kwa lami. Matairi haya pia huwa na kiinuko cha ziada ndani ya mfereji, kinachoonyesha kwamba nusu ya meno imekwisha. Likifika hapo, Japani huhesabiwa kuwa halifai tena kwa theluji, hata kama kwa macho yetu bado ni zima. Kwa hiyo ukiambiwa kwenye duka la mitumba kwamba tairi ni "ex-Japan, meno bado", uliza tarehe kwanza, kisha pinda jino kwa kidole gumba. Jino la theluji hupinda kirahisi na mistari yake hufunguka.

Ushauri wetu ni ubadilishe yote manne kwa matairi ya kawaida ya ukubwa ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Pesa zikitosha mawili tu kwa sasa, hayo mapya yafungwe nyuma, hata kama gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Ukiweka imara mbele na legevu nyuma, mkia wa gari utakutoka kwenye kona, na wengi hawawezi kuurudisha. Mpaka ubadilishe yote, usipite 80, na pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Usipunguze upepo eti tairi lishike zaidi. Tairi laini lenye upepo mdogo hupata joto haraka, na joto ndilo hulipasua.

Je, naweza kutia misumari ya chuma kwenye matairi ya pikapu yangu ili nishike barabara wakati wa mvua? Nimeona picha zake. (Dereva, Kisumu)

Hapana. Misumari hiyo hutokeza kama milimita moja tu na kazi yake ni kutoboa barafu ngumu. Kwenye lami hupunguza mguso wa mpira, hivyo breki huwa mbaya zaidi, na huikwangua barabara. Japani ilitunga sheria ya kuizuia mwaka 1990 kwa sababu vumbi la lami iliyokwanguliwa lilikuwa likiwadhuru watu mijini. Matairi ya STUDLESS yaliyojaa kwenye magari yetu yalienea kwa sababu hiyo.

Mwanangu amepata kazi ya kuendesha malori Kanada, kati ya Calgary na Vancouver. Yeye amezoea njia ya Eldoret hadi Malaba. Ameambiwa lazima ajue kufunga cheni. Naomba mmwandikie mambo ya kujua kabla hajaondoka. (Mama, Vihiga)

Mama, hongera, na umwambie aanze kujifunza sasa. Njia hiyo hupita milima ya jimbo la British Columbia. Huko, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, lori lenye uzito unaozidi kilo 11,794 lazima libebe cheni za chuma, yaani minyororo inayofungwa kuzunguka tairi ili lishike theluji, kwenye barabara za milimani zilizowekewa alama. Mabango ya njiani ndiyo humwambia dereva wakati wa kuzifunga. Asipime hatari kwa urefu wa mlima: kilele cha barabara ya Coquihalla kina mita 1,244, chini kabisa ya Nakuru, lakini kipo mbali kaskazini na hupata theluji nyingi.

Kufunga cheni kwenyewe hufanywa hivi. Aingie kwenye eneo la kando lililotengwa kwa kazi hiyo, asifunge kamwe kwenye bega la barabara penye kona. Avute breki ya kuegesha, aweke vizuizi kwenye magurudumu, avae fulana inayong'aa, glavu zisizopitisha maji na taa ya kichwani. Atandaze cheni chini na kuondoa mikunjo yote kabla hajaiinua. Ncha za kulabu zinazoshika viungo vya katikati zitazame nje, kwani zikigeukia ndani zitatoboa tairi. Aitupie juu ya tairi la ekseli inayoendeshwa na injini, aisawazishe pande zote mbili, kisha asogeze lori kidogo ili ncha zipatikane. Kifungio cha ndani ndicho cha kwanza, na akivute hadi kiungo cha mwisho kinachofika, kwa sababu ulegevu wa ndani hauwezi kurekebishwa kutoka nje. Halafu afunge cha nje, akaze vikazio kwa ufunguo wake, na ncha iliyobaki aifunge isining'inie.

Baada ya hapo atembee mita mia moja hivi, asimame, akaze tena. Hatua hii ndiyo wavivu huiruka. Cheni hujipanga upya tairi likizunguka, na ile iliyokuwa imekaza hulegea. Cheni iliyolegea hupiga madigadi, hukata bomba la hewa la breki, na ikikatika kabisa hujizungusha kwenye ekseli. Seti ya magurudumu pacha ni nzito, nyingine hupita kilo 50, kwa hiyo afanye mazoezi mahali pakavu mchana mara kadhaa. Usiku wa kwanza wa dhoruba vidole vyake vitakuwa vimekufa ganzi, na wakati huo mikono iwe tayari inaijua kazi.

Akiwa na cheni, mwendo usipite kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi 40 ndiyo salama. Asiruhusu magurudumu kuzunguka bure. Cheni nyingi hukatika tairi linapozunguka kwa kasi juu ya barafu kisha kushika ghafla sehemu yenye lami tupu. Theluji ikiisha barabarani, azifungue mara moja, kwani kwenye lami kavu viungo huisha haraka na lori lenyewe hushika barabara vibaya.

Breki zinahitaji aisahau njia ya Malaba kwanza. Kwa hesabu ya msuguano, gari dogo lenye mwendo wa 50 kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 13 hivi tangu breki inaposhika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa ni karibu mita 50, na kwenye barafu karibu 100. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali huongezeka mara nne. Asitumie breki ya injini ya lori kwenye mteremko wa barafu, kwa sababu hufunga magurudumu ya kuendesha peke yake na trela humsukuma kwa nyuma hadi lori lijikunje katikati. Na asidhani baridi kali zaidi ndiyo utelezi zaidi. Barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri, yenye unyevu kidogo juu, huteleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, maana hewa baridi hupita juu na chini yake.

Upepo wa matairi pia hushuka na baridi. Tairi la gari dogo lililojazwa psi 32 kwenye joto la nyuzi 20 hupoteza karibu psi 6 likifika nyuzi 20 chini ya sifuri. La lori lenye psi 100 hupoteza karibu 16. Tangi za hewa za breki amwage maji kila siku, yasije yakaganda ndani ya valvu.

Akija kununua gari lake dogo, asiige desturi ya jimbo moja kila mahali. Alberta, liliko Calgary, haina sheria ya kumlazimisha kuweka matairi ya theluji. British Columbia inayo kwenye barabara zenye mabango, na meno yawe angalau milimita 3.5. Quebec hulazimisha magari madogo kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Palipo na sheria na pasipo na sheria, afunge manne yanayofanana.

Tunabeba viazi kwa Canter kutoka Kuresoi. Aprili matope hutukwamisha hadi siku mbili. Cheni za theluji zinaweza kutusaidia? (Dereva, Kuresoi)

Zinaweza, kwa masharti. Cheni ya theluji yenye viungo vidogo vya karibu karibu hujaa udongo mwekundu ndani ya mizunguko michache, na ikishajaa ni kama haipo. Tafuta yenye muundo wa ngazi, viungo vinene na nafasi kubwa kati ya ngazi na ngazi, ili matope yadondoke tairi linapozunguka. Ubaya wake ni kwamba haizuii lori kuteleza kwa ubavu kwenye mteremko wa kando, kwa hiyo hapo nenda polepole sana. Ukubwa uandikwe uleule wa tairi lako, mathalani 7.50-16.

Kwenye magurudumu pacha ya nyuma, cheni ya tairi moja hufungwa kwenye la nje. Funga kulia na kushoto, kila mara. Ukifunga upande mmoja, difu hupeleka nguvu kwenye upande unaoteleza, na cheni ikishika ghafla ekseli hupata kishindo kinachoweza kuivunja. Kabla ya kuondoka, zungusha gurudumu polepole uone kama cheni inagusa bomba la breki au springi.

Fundi wa jua kali akikuambia atakuunganishia cheni kwa kuchomelea, mkatalie. Mchomo wa kawaida hukakamaza chuma kando ya kiungo, na hapo ndipo hukatika ikiwa na mzigo, kisha huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Anayesaidia kusukuma asisimame nyuma wala sambamba na gurudumu lenye cheni. Tembea kwa mwendo wa mtu anayekimbia, na zifungue kabla hujafika kwenye lami. Kwenye murram yenye mawe huchimba barabara ambayo jirani zako watapita kesho na mikokoteni ya maziwa.

Jambo moja hufanya kazi hata bila cheni: nusu ya mzigo. Canter iliyobeba gunia nyingi kupita uwezo wake huzama hadi ekseli, na hapo hakuna cheni itakayoiinua. Beba kwa awamu mbili hadi penye barabara ngumu.

Mvua ya mawe ikifunika barabara huku kwetu, nifanye nini? Nilisikia mtu akishauri cheni. (Msomaji, Kericho)

Cheni hazina kazi hapo. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, lakini mawe hayo huyeyuka kabla hujamaliza kufunga cheni ya kwanza. Punguza hadi 30 kwa kuachia mafuta, si kwa breki. Washa taa, acha nafasi mara tatu ya kawaida mbele yako, kisha ingia kituo cha mafuta au sehemu pana iliyo nje kabisa ya barabara. Usisimame chini ya mikaratusi iliyoegemea barabara. Mawe yakiisha kunyesha subiri tena, kwa sababu chini ya yale yaliyobaki kuna maji yanayotiririka, na hapo tairi huelea hata likiwa na meno. Meno yakibaki chini ya milimita 3, badilisha matairi kabla ya mvua za Machi, usingoje yafike kwenye alama ya 1.6.