Jibu: Misikiti na makanisa yalipofungwa, waumini walifanya nini?

Ndugu, umeuliza kama nyumba za ibada zilipofungwa Kenya kwa sababu ya korona, Machi 2020, waumini walibaki kusali kwenye simu tu. Hapana. Ramadhani ya mwaka ule ilikutana na kafyu, na Mei Mji wa Kale hapa Mombasa ukawekewa marufuku ya kuingia na kutoka. Futari ya pamoja msikitini haikuwezekana, ikawa ya mlangoni: unga, mchele, maharage, mafuta, tende, vinapelekwa kwa waliopoteza vibarua bila kuulizwa dini. Hilo la kutoulizwa dini ndilo lililonigusa zaidi.

Mazingira nayo hayakusahauliwa: Papa Francis alitangaza mwaka maalumu wa kuitunza dunia kuanzia 24 Mei 2020. Ibada ziliporuhusiwa tena Julai, watu wasiozidi 100 kwa saa moja, parokiani kwetu kulikuwa na mtungi wa kunawia kila mlango. Akina mama wa jumuiya wakatega beseni chini, na maji yale wakamwagia migomba nyuma ya kanisa.

Kama kikundi chenu kinataka kujiandaa kwa dharura nyingine kama ile, anzeni na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na nani ana ufunguo wa nyumba gani.