Maswali ya Wasomaji: Ukingo wa Mlima Meru baada ya masika

SWALI: Tunataka kupanda Mlima Meru, ule wa Arusha, mwanzoni mwa Juni. Njia ya ukingoni mwa kreta, kutoka Saddle Hut (kibanda cha mwisho cha kulala) hadi kileleni, itakuwa imekauka?

JIBU: Msituni chini ya Miriakamba, kibanda cha kwanza cha kulala, bado kutakuwa na tope, maana masika huisha Mei. Ukingoni maji hunywea haraka kwenye majivu ya volkano, kwa hiyo tope si tatizo. Tatizo ni barafu. Umande ukiganda usiku, miamba iliyoinama baada ya Rhino Point, kituo kilicho juu ya Saddle Hut, huvaa utando mwembamba ambao tochi haiuonyeshi vizuri, na wengi huteleza hapo wakishuka kwa papara. Panapo mnyororo, ushike. Upande wa pili ni shimo la kreta.

Ondokeni kati ya saa saba na saa nane usiku. Majivu yaliyoganda hukanyagika. Jua likipanda hulegea, kila hatua inarudi nyuma nusu. Chukueni maji lita tatu kila mtu, chupa kichwa chini mkobani, kwa sababu maji huanza kuganda juu. Mipira ya kunyonyea maji kutoka mkobani huganda na kuziba mapema.

Upepo ukiwayumbisha, mgeuke. Askari wa hifadhi akisema rudini, msibishane naye.