Vilengeo vya usiku kwenye bastola ya kubeba
Unayeuliza uchague vipi vilengeo vya kulengea gizani: chukua vya tritiamu (gesi iliyo ndani ya kichupa kidogo, inayofanya kilengeo king'ae chenyewe), cha mbele kiwe na duara la rangi kali, cha nyuma kiwe cheusi au chenye mwanga hafifu, jicho lisichanganyikiwe. Mwanga hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo tazama tarehe ya kutengenezwa.

Kufunga: ondoa magazini, kagua chemba, vua slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayosogea). Cha nyuma kisukume kwa kifaa chake cha skrubu. Nyundo huweza kuvunja kichupa cha gesi. Kikigoma, piga tupa chini ya kilengeo, kamwe si slaidi. Kwenye bastola za Glock, cha mbele hushikwa na skrubu ndogo: tia tone moja la gundi ya kuzuia skrubu isilegee, na usikaze mno, hukatika. Risasi zikienda kushoto, sogeza cha nyuma kulia.