Rekodi ya mwisho ni ipi? Kwa mnaoanza kazi ya hifadhidata

Nilipoanza kazi Malaba, kwenye yadi ya malori yanayoingia Uganda kutoka Kenya, bosi alitaka orodha ya malori 20 ya mwisho kuingia. Nikaandika `SELECT * FROM malori`, nikashuka hadi chini ya skrini, nikanakili mistari 20. Siku kadhaa mambo yalikwenda. Kisha karani akasahihisha namba ya lori lililoingia siku nne nyuma, nalo likaibukia chini kabisa kana kwamba limefika punde.

Jedwali halina juu wala chini, wadogo zangu. Usipotaja mpangilio, hifadhidata hukupa rekodi vyovyote inavyoona rahisi. PostgreSQL, programu ya hifadhidata tuliyokuwa tukiitumia, ukibadilisha rekodi huandika nakala mpya, mara nyingi mahali pengine. Kwa hiyo sema unachotaka:

`SELECT * FROM malori ORDER BY id DESC LIMIT 20;`

Hapo `id` ni namba ambayo hifadhidata huipa kila rekodi inapoingizwa, na `DESC` ni kuanzia kubwa kushuka. MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, nayo inaelewa hivyo hivyo; kwenye SQL Server utaandika `SELECT TOP 20`. Ukiona namba za id zimeruka, usianze kumshuku karani kwamba amefuta kitu. Muamala, yaani uingizaji mmoja, ukikwama katikati, namba yake hupotea.

Lakini id inakueleza lori lililoandikwa mwisho, si lililofika mwisho. Umeme ukikatika, karani huandika kwenye daftari na kuingiza yote asubuhi. Ndiyo maana sasa naweka safu mbili: `imeingizwa`, ambayo mashine hujijazia, na `ilifika`, anayojaza karani. Kabla ya kuandika swali lolote namuuliza bosi anataka ipi. Anayetaka ya kufika namwandikia `ORDER BY ilifika DESC, id DESC`. Ile id ya pili ni ya kuamua malori yaliyofika dakika moja. Na jedwali likishanenepa, iwekee `ilifika` indeksi, kama faharasa ya kitabu, ili hifadhidata itafute haraka.

Saa ndizo zilizonitesa zaidi. Seva yetu ilikuwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Lori lililoingia saa nane usiku lilihesabiwa la jana, maana huko kwenye seva ilikuwa bado 23:00. Na malori, kama mjuavyo, hupenda usiku. Juu ya hayo, karani mmoja aliandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi! Hapo hakuna amri ya kukuokoa, ni kukaa naye na kukubaliana. Tarehe nazo usizihifadhi kama maandishi: ukizipanga, 9/5 itakuja baada ya 10/5.

Jambo la mwisho. Ukishaingiza rekodi na unataka namba yake, usiitafute kwa `MAX(id)`, yaani id kubwa kuliko zote. Kwenye PostgreSQL tumia `RETURNING id`, au `LAST_INSERT_ID()` kwa wa MySQL. Sisi tulikuwa na madirisha mawili, makarani wawili wakiingiza kwa wakati mmoja, nami nikamchapia dereva risiti ya mwenzake. Alifika hadi geti la kutokea, akageuza, akaja kunigongea kioo: "Kaka, hili lori la nani?"