Asubuhi 5.1, kliniki 10.4

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 31, naishi Korogwe, nina kisukari aina ya pili kwa mwaka wa nne. Mimba yangu ina wiki 12. Nilikuwa nameza metfomini, wiki iliyopita kliniki wakaniongezea insulini. Nyumbani hujipima sukari ya damu mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na mashine inaleta 5.1 au 5.2 (mmol/L). Kliniki walinipima saa moja baada ya chai ikaja 10.4. Je, mashine yangu mbovu? Stripu, vile vijiti vya kudondoshea damu, ni ghali, na mama mkwe anasema kujitoboa kila mara kunampunguzia mtoto damu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Sidhani mashine ina kosa. Wewe unaipima sukari ikiwa imelala, wenzako waliipima ikiwa imeamshwa na chai. Hukusema ulikunywa na nini, lakini chai ya sukari na chapati mbili zinatosha kabisa kufika 10.4.

Kwa mjamzito tunataka chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Hiyo saa moja ihesabu tangu tonge la kwanza, si tangu uliponawa mikono. Wengi hukosea hapo.

Kwa nini tunang'ang'ania? Sukari yako inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, insulini yako, ile inayoshusha sukari, haipiti. Basi kongosho lake linalazimika kutoa insulini yake mwenyewe, nyingi, naye ananenepa kupita kiasi. Nimewapokea watoto wa kilo nne na nusu, wazuri wa kutazama, na saa mbili baadaye wanatetemeka: kitovu kimekatwa, sukari ya mama haiji tena, insulini yao bado imejaa. Sitaki wako apitie hayo.

Kwa kuwa unachoma insulini, jipime mara nne kwa siku: asubuhi, kisha saa moja baada ya kila mlo. Stripu zisipotosha, waambie kliniki waziwazi, usione haya, wakupangie kwa zamu: leo kabla na baada ya chai, kesho chakula cha mchana, keshokutwa cha usiku. Mara moja kwa wiki haitoshi kamwe.

Tena wiki hizi ulizo nazo, mwili wa mjamzito wakati mwingine huhitaji insulini kidogo kuliko kawaida, hivyo sukari inaweza kushuka mno, halafu miezi ya mbele mahitaji yanapanda sana. Ukisikia jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, jipime hata kama ni saa nane za usiku. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula kitu. Mumeo naye ajue hili. Akikukuta umezimia asikunyweshe chochote, akukimbize hospitali.

Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kujitoboa. Mama mmoja alinijia analia kwa 13. Alikuwa ametoka kumenya embe. Aliponawa ikasoma 6. Toboa ubavuni mwa kidole, panauma kidogo kuliko kwenye ncha.

Daftari lako liandike namba, saa, na ulichokula, hata kama ni kile kipande cha muhogo ulichoonja jikoni. Uje nalo kliniki pamoja na mashine yenyewe, tuilinganishe na ya kwetu.

Na mama mkwe usibishane naye. Mwambie damu ile inatoka kwenye kidole chako, si kwa mjukuu wake, na matone manne hayafiki hata robo ya kijiko cha chai. Kisha mpe kazi: ukianza kula, yeye ndiye ashike saa.